Sura ya Sita: Mgonjwa Akishatoka Langoni

Bunge la Marekani lilianza kukutana mwaka 1789. Wanasheria walijaa humo tangu siku ya kwanza, pamoja na wakulima, wafanyabiashara, majenerali na madaktari. Muuguzi mwenye leseni hakuchaguliwa mpaka mwaka 1992, zaidi ya miaka 200 baadaye. Aliitwa Eddie Bernice Johnson, mwanamke Mweusi wa Texas. Kabla ya siasa alifanya kwa miaka 16 kazi ambayo wauguzi wengi huikwepa wakipewa nafasi ya kuchagua, yaani kuwahudumia wagonjwa wa akili.

Katika sura hii tutamfuata kutoka wodini hadi kwenye sheria aliyoisimamia mwaka 2015 na 2016, kwa sababu safari yake inafundisha jambo ambalo nchi nyingi bado hazijalitia maanani. Sheria za afya ya akili huandikwa kwa makini sana zinapohusu kuingia hospitalini: nani amlete mgonjwa, daktari gani asaini, akae siku ngapi. Akishatoka langoni, sheria hunyamaza. Na huko nje ndiko anakoishi sehemu kubwa ya maisha yake, akiwa na mama yake, mkewe, watoto wake, au akiwa peke yake barabarani.

Aliajiriwa kabla ya kuonekana

Johnson alizaliwa na kukulia Waco, mji wa katikati ya Texas, enzi ambazo shule, mabasi na hospitali zilitenganishwa kwa rangi ya ngozi. Alitamani kuwa daktari. Shuleni akaambiwa udaktari si kazi ya mwanamke, aende uuguzi. Alimaliza sekondari ya A.J. Moore mwaka 1952 na, badala ya kusomea kazi hiyo chini ya ubaguzi wa Texas, akafunga safari hadi jimbo la Indiana, kaskazini, kwenye Chuo cha Saint Mary's kilichoendeshwa na watawa wa Kikatoliki.

Katikati ya miaka ya 1950 aliomba kazi katika hospitali ya serikali kuu inayowatibu maveterani mjini Dallas. Vyeti vilikuwa safi, akaajiriwa bila kuonwa. Alipofika ndipo wakubwa walipogundua kwamba muuguzi wao mpya ni Mweusi. Chumba alichoahidiwa katika bweni la wafanyakazi kikafutwa. Kazi hawakumnyima, lakini kabla hajaingia kwa mgonjwa, mtu alitangulia kumweleza mgonjwa huyo kwamba anayekuja ana sifa za kutosha. Hayo Johnson aliyasimulia mwenyewe kwa gazeti la Dallas miaka mingi baadaye, na akasema hakuwahi kukutana na ubaguzi wa wazi kuliko huo maishani mwake.

Angeweza kuondoka. Alibaki, akaongeza shahada ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Texas Christian mwaka 1967, na akapanda hadi kuwa muuguzi mkuu wa upande wa magonjwa ya akili. Waliokuwa chini ya uangalizi wake walikuwa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea, na baadaye vijana wa Vietnam.

Kinachoonekana wodini

Tukae kidogo wodini, maana siasa yake haieleweki bila kuijua kazi hii.

Zamu inapokabidhiwa, muuguzi anayetoka na anayeingia hupita pamoja kitanda kwa kitanda. Huhesabu wagonjwa, huhesabu funguo, huhesabu visu na uma za mezani baada ya chakula. Kisha huja maelezo ambayo hayapatikani kwenye kipimo chochote cha maabara: huyu hajaoga siku ya tatu leo, yule alikuwa akitembea ukumbini saa tisa za usiku, yule wa dirishani ameanza kugawa vitu vyake kwa wenzake, na kwa hiyo asiachwe peke yake. Wakati wa dawa, mgonjwa hupokea kidonge, hunywa maji, hufungua mdomo. Muuguzi mgeni huridhika na kuendelea. Muuguzi mzoefu humwomba anyanyue ulimi, kisha huangalia kati ya shavu na fizi, kwa sababu kidonge hupenda kujificha huko.

Na mgonjwa anayeficha kidonge ana sababu zake. Dawa ya klopromazini, ambayo wauguzi wa Afrika Mashariki wanaijua zaidi kwa jina la Largactil, iliidhinishwa Marekani mwaka 1954, muda mfupi kabla Johnson hajaanza kazi. Iliwatuliza watu waliokuwa wakisikia sauti na kuona maadui kila upande, na kwa mara ya kwanza wengi wao waliweza kufikiriwa kurudi nyumbani. Lakini dawa hiyo hiyo hukausha mdomo, hutetemesha mikono, hukaza misuli ya shingo, hulevya kwa usingizi. Mtu anayeimeza kwa sababu muuguzi amesimama mbele yake, atafanya nini akiwa nyumbani, hakuna anayemwangalia, na anajiona amepona? Ataiacha. Baada ya wiki au miezi ugonjwa utarudi, pengine mkali kuliko mwanzo.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari humwona mgonjwa wa akili dakika chache asubuhi, na mtunga sheria humwona katika takwimu. Muuguzi anaye kutwa na kucha. Humpokea akiletwa na ndugu waliochoka, humsindikiza akitoka, na kisha humpokea tena yule yule, kwa ugonjwa ule ule, akiwa amekonda zaidi. Huyu wa mara ya pili na ya tatu ndiye anayemfundisha muuguzi kwamba kuruhusiwa kwenda nyumbani ni sehemu ya matibabu, tena ngumu kuliko zote.

Milango ilipofunguliwa

Miaka ambayo Johnson alikuwa muuguzi ndiyo Marekani ilipoanza mageuzi makubwa kuliko yote katika historia yake ya afya ya akili. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Zilikuwa taasisi kubwa za kufungia watu, za aina moja na Mathari ya Nairobi na Mirembe ya Dodoma, na nyingi zilijaa kupita kiasi, chafu na za kutisha. Watu waliingia vijana wakatoka kwenye jeneza. Dawa mpya zilipokuja, na habari za mateso ya humo zilipoenea, hoja ya kuzifunga ikapata nguvu, na ilikuwa hoja ya haki.

Rais John F. Kennedy aliijua habari hii kutoka nyumbani kwake. Dada yake Rosemary alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941 na hakuweza tena kujitegemea. Tarehe 31 Oktoba 1963 Kennedy alitia saini Sheria ya Afya ya Akili ya Jamii. Vituo 1,500 vingejengwa karibu na makazi ya watu, mgonjwa atibiwe akiwa na wake. Siku 22 baadaye rais aliuawa akiwa Dallas, mji ule ule alikofanya kazi Johnson.

Hospitali kubwa zilifungwa kweli, moja baada ya nyingine. Vituo vilivyojengwa vilikuwa takriban nusu ya vilivyoahidiwa, na vingi vilijishughulisha na watu wenye matatizo mepesi kuliko wenye skizofrenia waliotoka hospitalini. Sheria ya Medicaid, bima ya umma kwa maskini iliyoanza mwaka 1965, ikaongeza kikwazo kingine: fedha za serikali kuu hazitalipia matibabu ya mtu mzima wa chini ya miaka 65 katika taasisi ya magonjwa ya akili, ambayo kwa tafsiri iliyowekwa baadaye ni yenye vitanda zaidi ya 16. Nia ilikuwa kuzuia majimbo yasirudishe hospitali za kufungia watu. Matokeo yakawa kwamba maskini anayehitaji kulazwa wiki mbili tatu hukosa kitanda. Kufikia mwaka 2016 vitanda vya hospitali za majimbo vilikuwa chini ya 40,000, katika nchi ambayo idadi ya watu wake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mwaka 1955.

Watu hao walikwenda wapi? Wengi walirudi kwa familia, wakapata nafuu, wakaishi, na hilo ni jambo la kushukuru. Wengine walilala chini ya madaraja. Na maelfu wakaishia jela. Jela ya Kaunti ya Cook mjini Chicago ikawa miongoni mwa mahali panapohudumia wagonjwa wengi zaidi wa akili nchini humo, kiasi kwamba mwaka 2015 mwanasaikolojia aliteuliwa kuwa mkuu wa jela. Nchi iliyoona aibu kuwafungia wagonjwa hospitalini ilijikuta inawafungia gerezani.

Kutoka zamu hadi jukwaa

Johnson aliingia siasa kupitia mapambano ya haki za raia mjini Dallas, ambako wanawake Weusi walisusia maduka yaliyowabagua. Mwaka 1972 alishawishiwa agombee ubunge wa jimbo la Texas, lakini mtumishi wa serikali kuu hakuruhusiwa kugombea kwa tiketi ya chama. Mfanyabiashara Stanley Marcus, kiongozi wa maduka ya Neiman Marcus, alimhimiza asirudi nyuma na akampa kazi. Johnson aliacha ajira ya miaka 16, akagombea, akashinda. Hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amewahi kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma kutoka Dallas kabla yake.

Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alimteua kuwa mkurugenzi wa kanda wa wizara iliyosimamia afya, elimu na ustawi wa jamii. Alikuwa serikalini wakati Rosalynn Carter, mke wa rais, akiwa mwenyekiti wa heshima wa tume iliyozaa sheria mpya ya mwaka 1980 ya kufufua vituo vya jamii. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Ronald Reagan, sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa, fedha zikapunguzwa na kupelekwa kwa majimbo kwa mafungu ya jumla. Kazi ya miaka minne ilitoweka katika bajeti moja. Mtu aliyeshuhudia hayo kwa karibu hawezi tena kuamini kwamba sheria nzuri hujitekeleza yenyewe.

Alirudi kwenye siasa za Texas, akachaguliwa katika Seneti ya jimbo mwaka 1986, kisha akaingia Baraza la Wawakilishi mjini Washington mwaka 1993, na humo akakaa miaka 30.

Muswada wa muuguzi na mwanasaikolojia

Desemba 2012 kijana mwenye silaha aliwaua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Bunge likashtuka, na mjadala ukaanza kuhusu afya ya akili. Hapa panahitaji uangalifu mkubwa. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, na wao ndio hudhuriwa zaidi na wengine. Kuwakumbuka siku ya mauaji tu ni kuwaonea. Hata hivyo fursa ilifunguka, na wabunge waliokuwa na kazi ya kufanya waliitumia.

Mmoja alikuwa Tim Murphy wa Pennsylvania, mwanasaikolojia kwa taaluma, wa chama cha Republican. Mwingine alikuwa Johnson, Mdemokrati. Juni 2015 waliwasilisha pamoja muswada wa kuzisaidia familia zilizo katika dharura ya afya ya akili. Katika miaka ambayo vyama hivyo viwili havikukubaliana karibu katika lolote, mwanasaikolojia na muuguzi walielewana.

Ukiusoma muswada huo unaona mambo ya wodini yamegeuzwa vifungu. Kwanza, timu za huduma zinazomfuata mgonjwa anakoishi: muuguzi, daktari na ofisa ustawi wa jamii wanaogonga mlango, wanaouliza dawa imebaki kiasi gani, wanaogundua mapema kwamba usingizi umepotea. Pili, familia ipewe taarifa. Sheria ya faragha ya mwaka 1996 ilikuwa imewatia watoa huduma woga, hata wengine wakakataa kumwambia mama mzazi lini mwanawe anatoka au dawa gani anatumia, ingawa ni mama huyo huyo atakayempikia na kukesha naye. Tatu, kiongozi wa ngazi ya naibu waziri mwenye ujuzi wa afya ya akili, ili fedha zilizotawanyika katika idara nyingi ziwe na mtu wa kuzitolea hesabu. Nne, kutafuta vitanda.

Umuhimu wa hilo la nne Marekani iliuona Novemba 2013. Mwana wa Creigh Deeds, seneta wa jimbo la Virginia, alipelekwa kupimwa akiwa katika hali ya hatari. Sheria ilitoa saa chache tu za kumshikilia. Muda ukaisha kabla kitanda hakijapatikana, akarudishwa nyumbani na baba yake. Kesho yake alimjeruhi vibaya baba yake, naye mwenyewe akafariki. Seneta mzima, mwenye jina na ushawishi, hakuweza kumpatia mwanawe kitanda usiku mmoja. Mkulima au mfagizi angefanya nini?

Muswada ulipata wapinzani, na hoja zao zilistahili kusikilizwa. Vyama vya watetezi wa haki, miongoni mwao watu waliowahi kulazwa kwa nguvu, walisema kwamba kulazimisha matibabu kwa amri ya mahakama ni kurudi kule kule kulikotoka mateso, na kwamba faragha ikilegezwa mgonjwa ataogopa kusema kweli kwa daktari wake. Wako wagonjwa ambao familia ndiyo iliyowatesa. Kwa hiyo vifungu vilipunguzwa makali: badala ya kuibadilisha sheria ya faragha, wizara ilitakiwa kutoa mwongozo na mafunzo juu ya kile ambacho tayari kinaruhusiwa kusemwa, na badala ya kuyabana majimbo, programu za matibabu ya amri ya mahakama ziliachiwa ruzuku kwa wanaotaka. Naamini mapunguzo hayo yaliuboresha muswada. Muuguzi mwema anajua kwamba mgonjwa aliyeshawishika humeza dawa hata asipotazamwa, na aliyelazimishwa huitema mara tu mlango ukifungwa.

Tarehe 6 Julai 2016 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura: 422 ndiyo, wawili hapana. Vifungu vyake vingi viliingizwa, pamoja na vya wenzao wa Seneti, katika sheria kubwa ya tiba ambayo Rais Barack Obama aliitia saini tarehe 13 Desemba 2016.

Kilichopatikana na kilichobaki

Mwaka 2017 daktari wa magonjwa ya akili, Elinore McCance-Katz, akawa mtu wa kwanza kushika wadhifa mpya ulioundwa. Simu ya taifa ya kuzuia kujiua iliandikwa ndani ya sheria, na tangu Julai 2022 Mmarekani aliyezidiwa na mawazo hupiga tarakimu tatu tu, 988, badala ya namba ndefu ya zamani. Polisi zaidi walipata mafunzo ya kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa bila kumpiga risasi.

Kikwazo cha vitanda 16 kilibaki. Fedha nyingi ziliidhinishwa kwa maandishi, zikasubiri bajeti ya kila mwaka izitoe. Na jela bado zina wagonjwa. Johnson aliondoka bungeni Januari 2023 na akafariki tarehe 31 Desemba mwaka huo, kazi ikiwa bado mbichi.

Hilo halipunguzi thamani yake. Mageuzi ya afya ya akili yana adui mmoja mkubwa kuliko ukosefu wa fedha: wagonjwa wake hawana sauti katika uchaguzi. Wengi hawaandamani, hawachangii kampeni, na familia zao huficha ugonjwa kwa aibu hadi mambo yaharibike. Mwanasiasa anayehesabu kura haoni faida ya kuhangaika nao. Kinachohitajika ni mtu ambaye tayari amewahangaikia kwa miaka bila kutarajia kura yoyote, kisha akapata nafasi ya kusema.

Ndiyo maana nchi yoyote inayotunga sheria ya afya ya akili inapaswa kuwaweka wauguzi wa wodi hizo mezani tangu mstari wa kwanza wa rasimu, na kuwachagua bungeni wanapojitokeza kugombea. Wao watauliza yale ambayo rasimu huyasahau. Mgonjwa akitoka Ijumaa, nani atamwona Jumatatu? Dawa ikiisha kabla ya tarehe ya kliniki, ataipata wapi, na kwa nauli ya nani? Nani nyumbani ameelezwa dalili za kurudi kwa ugonjwa, na apige simu wapi akiziona usiku? Mgonjwa mwenyewe ameulizwa anataka nini? Sheria yenye majibu ya maswali haya na fedha za kuyatekeleza inaweza kuwa fupi, isiyo na maneno makubwa, na bado ikaokoa watu wengi. Isiyokuwa na majibu hayo, hata ikipita kwa kura zote, itaendelea kuwapokea wagonjwa wale wale kwa mara ya pili, ya tatu na ya nne.